Mwisho wa Kitabu cha Bibi wa Mlimani

Jumanne, 6 Mei 2025
Nimemaliza kile kitabu cha kusikiliza cha jini la kisimani. Saa sita na ushee, siku tatu za kuchuna chai na iafoni masikioni. Msomaji mzuri, kitabu kibovu. Jini lenyewe linapenda manukato na joto. Hapa Gesima baridi ingelimaliza wiki ya kwanza.

Halafu ngoma! Mtu akisukuma mlango, ngoma. Hata mlango wa choo — ngoma. Nani ataogopa akishatangaziwa? Mimi napenda msomaji anayesema polepole, kama anakupa habari za jirani.

Alhamisi, 8 Mei
Bibi wa mlimani — nyota tano, na mimi sigawi nyota ovyo. Kikongwe anaishi peke yake, nyumbani mwake zinasikika sauti za wanaume, watoto wa kijiji wanaugua. Mwishowe watu wanapanda mlima, wanamfungia ndani, wanachoma nyumba, wanaimba. Mwisho safi. Nilisimama katikati ya chai na kikapu mgongoni nikitabasamu. Persis, kiongozi wa akina mama kanisani, akauliza kama nasikiliza mahubiri. Nikasema ndiyo. Mimi, shemasi mzima.

Ijumaa, 9 Mei
Nimempelekea mboga bibi Nyakerario, jirani wangu wa chini, kabla Sabato haijaingia. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Watoto wake wako Nairobi, anasema siku ni ndefu. Alipika miaka ishirini kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa hivyo Kiswahili anakijua kuliko mimi.

Nimemwachia spika yangu ndogo ya kadi yenye vitabu vyangu, niliyonunua soko la Daraja Mbili. Nimemshika kidole nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamwambia asiguse mpaka kesho jua lizame. Akauliza kama shetani naye hushika Sabato.

Jumatatu, 12 Mei
Nyakerario ana maoni kunishinda! Jini la kisimani amelikataa, ati lina maneno mengi. Kile cha nyumba ya mkoloni amekicheka hadi akakohoa, kwa sababu ya mzimu unaotembea na taa. Anasema yeye mwenyewe haoni na hana haja ya taa, sembuse maiti.

Sasa yuko kwa bibi wa mlimani. Anaongeza sauti hadi mwisho, masikio nayo yamechoka.

Alhamisi, 15 Mei
Ashley, mtoto wa jirani Ochoki, amelazwa hospitali ya Nyamira. Miaka minne tu. Kifua.

Kwenye kituo cha chai, tukingoja kupima, Persis akasema nyumbani kwa Nyakerario kuna sauti mchana kweupe. Mwanamume ananong'ona, halafu fisi, halafu watoto wanalia. Na shamba la Ochoki limepakana na lake. Mtu nyuma yangu akatamka lile neno, omorogi, mchawi. Hakuna aliyecheka.

Huyo fisi namjua. Ni sura ya nne ya bibi wa mlimani.

Nani amewahi kusikia mchawi wa Gesima akiroga kwa Kiswahili cha redio? Hilo hawakujiuliza. Na mimi sikuwauliza. Nilipima majani yangu nikaenda nyumbani. Nilimwogopa Persis, na kukipoteza kiti changu cha ushemasi. Najionea haya.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeenda kuchukua spika. Amekataa, zimebaki sura mbili. Nikamweleza watu wanasema nini.

Akapapasa fimbo yake. Akasema dada yake walimtoa nyumbani hivyo hivyo, mwiko wa ugali ukiwa bado mkononi. Kisha akauliza: huyu wa kitabu, mwishoni wanamfanya nini? Nikasema sikumbuki.

Sabato, 17 Mei
Somo lilikuwa usimshuhudie jirani yako uongo. Sikusikia kingine.

Nje ya kanisa, Machogu, mzee wa kijiji, ametangaza mkutano kesho saa nane, nyumbani kwa Nyakerario. Vijana wawili walikuwa wakiulizana nani ana petroli. Labda ni ya pikipiki.

Jumapili, 18 Mei
Nimesema.

Watu walifika kama hamsini. Machogu akauliza nani ana neno. Nikasimama. Nikasema sauti ni zangu, ni kitabu, niliuleta huu upuzi mimi Phanice. Nikaweka spika juu ya kigoda nikabonyeza.

Mwanamume akanong'ona. Fisi akalia. Watu wakarudi nyuma, halafu mwanamke mmoja akacheka, wakacheka wengine. Persis hakucheka. Ushemasi wangu umekwisha, na uende.

Ochoki akaja, macho mekundu kwa kukesha hospitali. Akaigeuza spika, akatazama chini yake. Akasema sauti ameielewa, lakini mtoto wake bado hapumui vizuri, na hilo nani atamweleza? Nikanyoosha mkono nizime. Akasema niiache iendelee.

Basi kikaendelea. Watu wakaketi kwenye nyasi, Machogu mwenyewe akaomba sauti iongezwe. Nikaona nyuso zao — walikuwa wanamchukia yule bibi. Kama mimi nilivyomchukia. Nyakerario alikuwa mlangoni, kichwa chini, anasikiliza.

Mvua ikatutawanya ikibaki sura ya mwisho. Machogu akasema kesho saa nane, hapa hapa, tumalize kitabu ndipo akate shauri la Nyakerario.

Jumatatu, 19 Mei
Ashley bado yuko kwenye oksijeni.

Asubuhi nimeisikiliza ile sura tena. Dakika kumi na tisa. Dakika ya kumi na mbili wanafunga mlango kutoka nje. Ya kumi na tano wanaimba. Msomaji anaisoma vizuri mno. Na mimi nilikipa nyota tano!

Nikiifuta watasema nimeficha kitu. Nikiicheza, nitakuwa nimewafundisha.

Nimekuja kwa Nyakerario mapema, na maziwa. Nimemwambia ukweli, kwamba mwisho naukumbuka vizuri sana. Akasema alishajua, vitabu vya wazee wa peke yao vina mwisho mmoja tu. Amenikataza kufuta. Waliomtoa dada yake walikuja gizani, anasema, hakuna aliyemtambua mwenzake. Hawa waisikie mchana, wameketi, kila mtu akiangaliwa usoni. Sijui kama ni busara. Ninaogopa sana.

Halafu akaniomba kitu kimoja. Nikae mlangoni, upande wa nje.

Hapo ndipo ninapoandikia. Saa nane kasorobo. Ochoki amefika wa kwanza, amebeba kiti chake. Ameuliza kama spika ina chaji ya kutosha. Nimemwambia imejaa. Nyakerario yuko ndani, nyuma yangu, anakunywa maziwa. Komeo la mlango linanigusa bega.