Chakula cha Mchana Kapata

Kolwezi, Jumatatu jioni

Mama Elisa mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na mtoto wetu Elisa. Je, kikohozi cha mama yangu kimepungua? Na mihogo mliyoloweka, imekauka vizuri kwa jua hili la kiangazi? Mimi ni mzima. Asubuhi baridi inauma vidole mpaka kalamu haishikiki, lakini ni mzima.

Sasa habari! Bwana wa kambi aliniita leo. Kapata, kwenye kambi ya wenye wake, kuna nyumba tupu ya matofali, vyumba viwili na jiko nyuma. Atanipa mimi, mradi uwe umefika kabla ya mvua ya kwanza. Usipofika, atampa mwingine, nami nitabaki katika kambi ya wasio na wake.

Najua ulivyoniandikia: huko unakula na mama na dada zangu, mikono mingi katika sahani moja na maneno mengi, na huku utakula peke yako kama mgonjwa. Jibu nililipata jana, kwa aibu kidogo.

Tata Mukendi, karani mwenzangu kutoka Kasai, alinialika kwake Kapata baada ya kanisa. Nilifika, nikasalimu, nikachukua kiti nikakaa nje. Mwanamume angekaa wapi tena? Kwetu Sandoa tunakula katika chota, kibanda chetu cha wanaume. Kila mke analeta sahani yake, tunakula wanaume wote pamoja. Basi nikangoja majirani watoke na sahani zao. Milango yote ya mstari ule ilikuwa imefungwa. Nikafikiri: watu wa hapa wana uvivu!

Kumbe ndani walikuwa wananingoja mimi. Mwisho Mama Ntumba, mke wake, akachungulia.

"Karani, unaangalia nini mu njia? Bukari inapola!"

"Mi nangojea bengine, mama."

"Bengine bani?"

"Banaume ba jirani. Na sahani zabo."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Tata Mukendi! Muntu wa Sandoa anataka kambi yote ikuje kukula kuku yako!"

"Bakuje na kuku yabo!" akajibu mume wake. "Ingia, ndugu. Huku kila muntu anakulaka kwake."

Nikaingia. Palikuwa na meza, kuku, sombe ya majani ya mihogo, na bukari, ugali wao wa mahindi, mweupe, si wa mihogo kama wetu. Na Mama Ntumba akavuta kiti akakaa pamoja nasi! Sikujua macho niyaweke wapi.

"Chumvi imezidi," akasema mume wake.

"Kesho utapika weye," akajibu, akaendelea kumega.

Walibishana juu ya bei ya samaki, juu ya mchungaji, hata juu ya kazi yetu ya ofisini, na mara mbili mama yule alimshinda.

Sikufichi, niliikumbuka chota. Kwetu asiye na kitu anashiba bila kuomba. Huku mlango ukifungwa, njaa yako ni yako. Lakini nilipomwona Mama Ntumba akijichagulia paja, nilishtuka. Tumeoana, tumezaa, na mimi sijawahi kukuona ukila. Sijui hata unapenda sehemu gani ya kuku. Nataka kujua. Nataka uniambie chumvi imezidi, na nibishe.

Pandeni lori la mfanyabiashara mpaka Kasaji, halafu treni. Mjomba Yakobo, kaka wa mama, awasindikize. Leta unga wa mihogo. Wa hapa haunishibishi.

Nisalimie mama kwanza, na umwambie simnyang'anyi mkwe wake. Msalimie dada yangu mkubwa Marta, na mzee Kaumba anayelinda moto wa chota. Anitunzie nafasi yangu.

Bwana wa kambi aliniuliza, "Mke anakuja?" Nikajibu, "Anakuja, bwana!" kwa sauti iliyowageuza makarani wote. Mama Elisa, usinifanye mwongo.

Mume wako anayekungoja mezani,

Tata Elisa