Pua ya Mama Angélique

Clos Verdelin, Ufaransa
3 Septemba 2017

Mpendwa Baba Angélique,

Pokea salamu zangu za upendo. Mimi ni mzima, hata kile kikohozi cha Johannesburg kimeniacha. Mwanangu hajambo? Na mgongo wako, bado unakuuma ukikaa sana kwenye cherehani?

Simu ipo, lakini tulikubaliana tuandikiane, kwa sababu kwenye simu unanikata maneno kabla sijamaliza. Ofisini kwao kuna kompyuta tunayoruhusiwa kutumia.

Kazi imeanza. Asubuhi tunakata zabibu, mchana tunashuka kwenye ghala la chini ya ardhi kufundishwa kuonja divai. Tuko sita, wote wa migahawa inayouza divai ya hapa, na kutoka Afrika ni mimi peke yangu. Zabibu yao nyeupe inaitwa Chenin. Nilicheka, maana ni ileile ya Cape ninayowamiminia wateja mgahawani kwetu Randburg. Lakini François anasema ardhi ya chokaa huku inaifanya iume ulimi kama tofaa bichi. François ndiye mkuu wa ghala, ndiye anayetufundisha. Nikaionja, kweli, tofaa bichi kabisa! Kisha nikatema, kama nilivyokuahidi wewe na kanisa. François anasema mwonjaji mzuri hamezi.

Mtihani ni tarehe 10 Novemba. Nikifaulu, madame wa mgahawa ameniahidi sitabeba tena sahani, nitasimamia divai zote.

Mbusu Angélique.

Mkeo,
Mama Angélique


Bellevue, Johannesburg
9 Septemba 2017

Kwako Mama Angélique,

Salamu nyingi katika Bwana. Sisi hatujambo. Angélique anakusalimu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, lakini salamu zako alizielewa zote. Dada yangu Agnès anakuja kutoka Soweto kila Jumamosi kumsuka. Mgongo unauma, ndiyo, ila nina gauni za harusi ya Wakongo wa Yeoville, sina nafasi ya kuumwa.

Nimefurahi kusikia umefika. Barua yako nimeisoma kwenye kompyuta za kulipia za Rockey Street, nikairudia. Swali moja tu. Huyo François ni mtu wa umri gani? Umemtaja mara tatu. Mimi umenitaja mara moja, na ilikuwa habari ya mgongo.

Mumeo,
Baba Angélique


Clos Verdelin
20 Septemba 2017

Mpendwa Baba Angélique,

Shikamoo kwanza, mume mwenye wivu! Nimecheka peke yangu hadi wenzangu wakaniuliza. U mzima lakini? Unakula?

Sasa tuko kwenye nyekundu, Cabernet Franc. Unaizungusha ndani ya glasi, halafu unatazama inavyoteremka ukutani. Mistari ile wanaiita miguu ya divai. Divai nyingine ina mwili mwembamba, nyingine ina mwili uliojaa. Hii yetu ina harufu ya pilipili hoho mbichi na udongo baada ya mvua. Wenzangu walisema wanasikia matunda. Mimi nikasema, "Nasikia penseli iliyochongwa sasa hivi." François akanusa tena, akasema, "Madame Orpha ana pua. Mimi ilinichukua miaka kumi kuisikia hiyo."

Miaka kumi, Baba Angélique! Na mimi ni mtoto wa Uvira niliyekulia kwenye moshi wa kukaushia samaki.

Kisha tunafundishwa chakula. Chenin kavu wanainywa na samaki wa mtoni wenye mchuzi wa siagi, au na jibini ya mbuzi. Nikawaambia, kwetu ningeiweka na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na ndimu. Nyekundu ningeiweka na mbuzi wa kuchoma, lakini pilipili iwe kidogo, maana pilipili na divai nyekundu zinagombana. Waliandika kwenye madaftari yao, mimi nikisema!

Mkeo,
Mama Angélique


Bellevue
24 Septemba 2017

Mama Angélique,

Salamu. Sisi wazima.

Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni kupima miili ya watu, na sijawahi kumwandikia mke wangu kuhusu mwili uliojaa. Miguu, mwili, harufu, na mwanaume mzima kukaa chini ya ardhi akiisifu pua yako. Pua hiyo niliiona mimi kwanza. Nilikuoa nayo, katika kambi ya wakimbizi, ulipokuwa huna kitu kingine.

Umri wa François hukuniambia. Nimengoja.

Jana usiku Angélique aliuliza kama utarudi unazungumza kama watu wa kwenye televisheni. Eish, nikamwambia alale.

Baba Angélique


Clos Verdelin
2 Oktoba 2017

Baba Angélique,

Natumaini umeamka salama. Mimi sikuamka vizuri, nimeisoma barua yako mara mbili.

Haya. François ana miaka arobaini na minane. Mke wake walishaachana. Macho yake ni mazuri, kama hilo ndilo unalotaka kujua. Hajanigusa hata mkono zaidi ya kunisalimia. Kuna siku aliniuliza habari za mume wangu, nikamwambia ni shemasi, anashona suti inayomkaa hata mtu mwenye bega moja juu. Nilikusema kwa fahari.

Sijawahi kuwa hodari wa kitu, Baba Angélique. Nimekuwa mkimbizi, mama, mfanyakazi anayewahi. Hapa nanyamaza, nanusa, na watu wanangoja nitasema nini. Usininyang'anye hilo.

Mkeo,
Mama Angélique


Bellevue
8 Oktoba 2017

Mpendwa Mama Angélique,

Salamu za amani. Sote wazima, na mgongo umepoa. Nisamehe kwa maneno yangu. Nimeomba, na moyo umetulia. Soma vizuri, usiwe na wasiwasi wowote na mimi.

Mumeo,
Baba Angélique


Clos Verdelin
21 Oktoba 2017

Mpendwa Baba Angélique,

Hamjambo huko? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Wiki nzima na zaidi sijaonja kitu. Wenzangu wakishuka ghalani, mimi napelekwa uani kuosha makreti. Nilimwuliza François nimekosa nini. Akaona haya, akasema, "Hujakosa, madame. Hii ni kwa faida yako." Faida gani? Wako kwenye Chenin tamu sasa, ile ya zabibu zilizoachwa zioze kidogo juu ya mti mpaka sukari ijikusanye, inayoliwa na jibini kali ya buluu. Nimesikia harufu yake kupitia mlango tu. Mtihani umebaki wiki tatu, na nusu yake ni hiyo.

Nafikiri ni kwa sababu ya rangi yangu, au wameona karatasi zangu za ukimbizi. Nimelia mbele ya makreti. Ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Mkeo,
Mama Angélique


Bellevue
23 Oktoba 2017

Mpendwa Mama Angélique,

Pole sana, pole mno. Usilie. Wazungu ndivyo walivyo, leo wanakusifu, kesho wanakupa ndoo. Labda Mungu amekuonyesha kwamba pale si mahali pako. Hata ukirudi kabla ya mtihani, hakuna atakayekucheka. Mimi nitakuja kukupokea.

Mumeo akupendaye,
Baba Angélique


Clos Verdelin
4 Novemba 2017

Gaston,

Leo nilimfuata François ofisini, nikasimama mlangoni, nikamwambia siondoki mpaka nijue. Akasema, "Madame, nimeheshimu imani yako." Nikauliza, imani ipi? Akafungua kompyuta, akanionyesha barua ya tarehe 6 Oktoba.

Kifaransa chako nakijua. Umeandika kwamba niliapa kanisani nisiweke pombe mdomoni hata ya kutema. Kwamba kila nikionja nalia usiku, ila naona aibu kusema. Ukawaomba waniondoe mezani polepole, wasinitajie barua yako. Ukajiita shemasi, ukaweka na mstari wa Biblia.

Siku mbili baadaye ukaniandikia moyo umetulia.

Nilipolia kwenye makreti nilikuandikia wewe, na wewe ukanipa pole. Nikawasingizia watu wa hapa ubaguzi, ukaniunga mkono, ukijua ni mkono wako. Hilo linanichoma kuliko barua yenyewe.

Usinijibu kwanza.

Orpha


Bellevue
19 Novemba 2017

Mama Angélique,

Nimengoja wiki mbili kama ulivyotaka. Sitauliza hali yako, sina uso wa kuuliza.

Nilimweleza Agnès alipokuja kusuka. Akaacha kichwa cha mtoto nusu, akanitoa nje. Akasema, "Ulidhani atafanya nini huko?" Nikamwambia, sikuwaza kwamba atazini. "Sasa ulikuwa na wivu wa nini?" Nilimjibu peke yangu, baada ya siku kadhaa, nikikata kitambaa. Niliogopa utarudi unasikia vitu nisivyovisikia. Utakaa mezani na mimi, unakula sombe yangu ya majani ya muhogo, huku unajua jambo ambalo siwezi kukufuata ndani yake. Tangu kambini ni mimi niliyekuwa najua njia.

Wivu bado upo, sitakudanganya tena. Asubuhi nikiamka naukuta umeshaamka.

Nimemwandikia François kwamba niliongopa, kwamba hakuna kiapo, na kwamba wewe hukulia mpaka nilipokuliza mimi. Ushemasi nimeurudisha kwa mchungaji, naye nimemweleza sababu. Najua mtihani umepita. Hilo sina la kulifanyia.

Gaston


Clos Verdelin
1 Desemba 2017

Baba Angélique,

Salamu kwenu. Mimi mzima.

Barua yako kwa François niliisoma. Alinipa mwenyewe.

Mtihani niliufanya. Chenin kavu na nyekundu nilifaulu kuliko wote. Kwenye zile tamu walinipa glasi tatu na nikazichanganya zote, kwa sababu sikuwahi kufundishwa; niliporudishwa mezani somo lake lilikuwa limekwisha. Sikupata cheti. Mtihani mwingine ni mwisho wa Machi, na mtu anaweza kubaki kupogoa mizabibu mpaka wakati huo. Madame wa mgahawa amekubali kunishikia nafasi, na karatasi zangu za kukaa zimeongezwa muda.

Nabaki. Usingeandika ile barua, leo ningekuwa nafunga mizigo, Krismasi ningepika nyumbani.

Sijasema nimekuacha. Sijasema pia kwamba nimesamehe. Nikirudi nitakuwa nafanya kazi ya divai, kila siku, na nitaizungumzia ndani ya nyumba. Ukiona huwezi kuisikia, niambie mapema, nifikie kwa Agnès.

Mwambie Angélique kwa njia utakayoona inafaa.

Mama Angélique


Bellevue
3 Desemba 2017

Mama Angélique,

Salamu. Tumeipokea habari yako.

Usifikie kwa Agnès. Nitaisikia.

Angélique nilimwambia jana. Alidhani ni kazi yako imekuzuia, akaanza kukukasirikia. Ningeweza kuacha hapo. Nikamkalisha kitini, nikamwambia, "Mama alikuwa arudi mwezi huu. Baba aliandika uongo kwa watu wanaomfundisha, wakamkataza kusoma, ndiyo maana inabidi aanze tena." Akauliza kwa nini niliandika. Nikamwambia nilikuwa na wivu. Hakulijua neno, nikalitafuta kwa Kiingereza, nikalitafuta kwa Kizulu. Hapo akalielewa. Usiku hakutaka nimfunike.

Leo amekuja nami Rockey Street, amesimama hapa nyuma ya bega langu. Anasema ana mambo ya kukuandikia, na hataki niyasome. Nampisha kwenye kiti.

Gaston