Mgeni wa Kwanza Kericho

Mama,
Goti linaendeleaje? Hapa Kericho wanasema mvua ya mawe inakuja kila alasiri, na hakuna anayeshtuka. Leo nilikuwa nawaeleza wanafunzi wa chuo kazi yetu ya mapokezi hotelini, mawe yakapiga mabati ya paa yakaninyamazisha. Tukanywa chai tukingoja. Msichana mmoja akaniuliza, "Madam, miaka hiyo yote unakaribisha wageni. Wewe umewahi kuwa mgeni wapi?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Hapa. Tangu jana."

Akaandika kwenye daftari. Katika hotuba yangu yote, ni hilo tu aliloandika.

Kadi za posta kama hii nimewauzia wageni hotelini miaka tisa. Leo nimeuliza posta stempu inabandikwa wapi.

Jipake dawa, Mama. Safari ijayo tunakuja huku wawili, mimi na wewe.

Mgeni wako,
Atieno