Simu Juu ya Dungu

Jumatatu, 11 Mei

Sasa wale mbuzi wa jana, nilikuwa sijamaliza. Wanapanda mti. Mti wenyewe una miiba, na mbuzi wamesimama kwenye matawi kabisa, wanakula matunda, kama kuku wamepanda kulala. Nchi gani sijashika jina. Nilikuwa natafuta dawa ya utitiri wa kuku, nikabonyeza kitu, nikatokea kwa mbuzi. Mtandao ndo ulivyo. Unaingia kwa kuku unatokea kwa mbuzi.

Ndege wachache leo. Mpunga umeanza kuiva, kwa hiyo asubuhi naamia mimi. Nakaa juu ya dungu, kichanja chetu cha miti, napiga debe wasishuke. Hapa shambani chini hamna mtandao hata kidogo, juu ya dungu upo. Mkono mmoja debe, mkono mmoja simu. Mchana anakuja Wifi Skola na chakula, tunakula wote, anabaki yeye hadi jioni. Shamba waliachiwa na mama yao, yeye na mume wangu. Tunagawana nusu kwa nusu. Mume yuko Mlimba anapakia mpunga wa watu. Wa kwetu hajaugusa.

Nimemwonyesha wifi mbuzi. Kasema wamepakwa gundi. Tumecheka mpaka wali umemwagika.

Jumanne, 12 Mei

Pweza ana mioyo mitatu. Nimesoma mara mbili, maana mimi kusoma polepole, niliishia darasa la nne. Wifi kasema bora pweza, yule fundi baiskeli wa sokoni ana mmoja tu na kaugawa mitaa yote.

Kuna watu pia wanaongea kwa mluzi. Huyu mlima huu, mwenzie mlima ule, wanaelewana. Sasa umbea wa huko unakuwaje? Ukimsema mtu, kijiji kizima kimesikia, na mwenyewe kasikia. Mimi nisingeweza kuishi. Wifi kajaribu mluzi, yametoka mate.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nimepata cha kwetu.

Ukurasa wa wazungu wanaozunguka dunia kutazama ndege. Hiyo tu ndo kazi yao. Nashuka na ukurasa, nashuka, nikakuta ndege wa njano, uso mweusi kama kajipaka masizi ya sufuria. Chini imeandikwa Kilombero. Nikarudia kwa kidole. Hayupo kwingine duniani, ni bonde hili tu. Watu wanapanda ndege kuja kumtazama ndege.

Na mimi namjua. Mnana wa kwenye matete. Utotoni tulikuwa tunamtupia udongo.

Nilishindwa kukaa. Wifi alipotokea tu nikaanza kumwambia kabla hajatua sufuria. Hakuamini. "Minana wapo kila mahali, Mama Deo. Hata wewe uliniambia mwalimu mkuu kahamishwa, kumbe kaenda harusini."

Imeniuma. Kesho namtafuta nimpige picha, aone.

Ijumaa, 15 Mei

Nimeharibu.

Asubuhi ilikuwa shwari, nikashuka. Matete yako pale tu, ng'ambo ya mfereji. Nikasema naenda narudi. Na nikamkuta. Ananing'inia kichwa chini anasuka kiota, anavuta jani kwa mdomo, analipitisha, analikaza. Nikalinganisha na picha niliyoihifadhi kwenye simu. Ndo yeye. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Picha ya kwanza imetoka matete matupu. Ya pili mkia. Nikamsubiri, nikabonyeza ya tatu. Sijui nilikaa muda gani.

Aliyepiga kelele ni Mzee Masanja, Msukuma anayechunga ng'ombe wake upande ule. "Mama Deo, huko kwenu kunaliwa." Nikageuka. Kwelea. Wingu zima limeshuka kona ya chini, mpunga umelala kwa uzito wao. Nimekimbia, nimeanguka mferejini, debe nimeliacha juu, nikawarushia ndala. Waliondoka walipotaka wenyewe.

Kona imebaki makapi. Na ndiyo iliyokuwa imebeba kuliko kote.

Wifi kafika. Kaangalia shamba, kaangalia simu mkononi mwangu. Kaweka sufuria chini. Nimeondoka sijala.

Jumapili, 17 Mei

Haongei na mimi. Analeta chakula, anakiacha chini ya dungu, anaenda kusimama mferejini mpaka nipite. Nikimsalimia anaitikia kwa kichwa. Mtu tumelea watoto pamoja, tumemuuguza mama yake pamoja. Bora angenitukana.

Bombani wanawake wamenyamaza nilipofika. Walikuwa wananisema. Najua, maana na mimi huwa nanyamaza vilevile. Habari imefika kituo cha bodaboda. Huko inasemekana nilikuwa napiga selfi na ndege, nimejipaka na poda. Si kweli. Lakini tamu. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeipeleka mwenyewe mpaka Mchombe.

Jumanne, 19 Mei

Simu naiacha nyumbani. Nabeba daftari hili, ndege wakitulia naandika. Nisipoongea nitapasuka.

Wifi hana mume wala kibarua. Mpunga huu ndo chakula chake na wanawe mpaka msimu mwingine. Mimi nina mtu Mlimba, hata akileta kidogo analeta. Hapo ndo panaponichoma.

Ile picha ya tatu ilitoka vizuri, niliiona jana nyumbani. Kakaa kwenye tete, uso mweusi, ananitazama. Mpunga najuta. Kumwona yule ndege sijuti. Nimejaribu kujuta, haiji.

Jumamosi, 23 Mei

Jana nyumbani nimeingia tena mtandaoni. Sijaacha, nisijidanganye. Kuna nchi wanashindana kukimbia wamebeba wake zao mgongoni. Mke kichwa chini miguu shingoni kwa mume. Mshindi anapewa bia, uzito wa mke. Yaani mke mnene ndo faida.

Wifi angecheka mpaka akae chini.

Sina wa kumwambia. Nimemwambia kuku.

Jumatano, 27 Mei

Tumeanza kuvuna. Yeye kaanzia juu, mimi chini. Mundu tu ndo unasikika.

Mzee Masanja alikuja kuulizia mabua kwa ajili ya ng'ombe. Nikaona bora niseme mbele ya mtu. Nikasema, wifi, msimu huu tusigawane kwa magunia, tugawane kwa shamba. Nusu ya juu yako. Nusu ya chini na kona yake ni yangu. Mume atanuna. Tutakula mihogo sana mwaka huu.

Mzee Masanja kasema, "Mama Deo, hapo kwenye kona utavuna mavi ya ndege." Nikacheka mwenyewe.

Wifi aliinama akaendelea kukata. Nimeondoka jioni nimemwacha.

Alhamisi, 28 Mei

Ukungu. Nimefika mapema, ili nimalize upande wangu.

Umeshakatwa. Nilioubakiza jana wote, na kona pia, hata yale makapi. Sijui alikata mpaka saa ngapi. Miganda yote iko juu ya turubai, ya juu na ya chini, kaipanga rundo moja. Nimeizunguka mara mbili. Huwezi kujua upi wa nani.

Yeye yuko pale mferejini, kawasha moto, kanipa mgongo. Sijamfuata. Sijui nianzie wapi, mimi ambaye huwa sikosi pa kuanzia. Nimekaa juu ya dungu naandika. Jua linaanza kutoboa. Mpunga unanukia umande.

Anaita. "Wifi, chai inapoa huku, unaandika wosia?" Ngoja nishuke.