Picha Nzima ya Machimboni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na dada ameacha kununa. Mimi mzima, nimenenepa, na kwa sura nimezidi: nikipita, wasichana wanasahau walikokuwa wakienda. Usicheke, uliza watu.

Kazi kwa Mzee wa Picha inaendelea. Mimi ndiye ninayemsafishia picha, ndani ya chumba kisicho na dirisha, taa nyekundu, harufu ya dawa inanifuata mpaka kwenye sahani. Nyuso za watu aliowapiga siku zao mbaya zimeanikwa kwenye kamba kama nguo, zote zinanikodolea mimi. Nilimwambia mfungwa ana nafuu, hutolewa kuota jua. Akasema nipunguze mdomo, nikoroge dawa.

Siku hizi hapigi tena watu. Anasema machozi yao yalimlaza kitandani, kilichomwinua ni kupiga picha za majani. Basi tunakwenda kupiga yale machimbo ya mawe yaliyomfukia baba, kamera nabeba mimi. Hutapatambua, mama. Shimo limejaa maji, matete yamesimama pande zote, ndege wanagombana kama wapangaji. Mzee anasema ardhi imepona. Nikamjibu ardhi ina bahati, haikufiwa na mume. Akaniomba kamera, akapiga matete.

Sasa anaandaa maonyesho: mateso ukuta huu, majani ukuta ule. Ile picha yako unalia ukingoni mwa shimo, iliyozunguka dunia bila kupita kwetu, imo. Naipangusa vumbi kila siku na sijamwambia kuwa ni mama yangu. Nikisema, ataigeuza kamera kwangu, nami nianikwe kwenye kamba. Nikinyamaza, nafungiwa humu na wewe, unalia, na siwezi kukubembeleza.

Juzi alinipa filamu ya picha hiyo niisafishe upya, nzima, bila kukata pembeni. Picha ikaanza kutokea kwenye dawa, nikajiona ubavuni mwako, kitoto, meno yote nje, nacheka. Mzee akaeleza kuwa alimkata yule mtoto kwa sababu kicheko chake kilimharibia msiba, na jambo hilo linamsuta mpaka leo. Anataka kuitundika nzima, ila kwa ruhusa ya wenyewe. Akaniuliza kama namjua yule mama. Nikasema simjui.

Alipotoka nikaitazama vizuri. Mkono wako umenifunika macho. Kumbe nilidhani tunacheza. Na mimi ninayejigamba mitaani kuwa nilimwona baba akitolewa, sikuona kitu. Uliona peke yako, na hukuwahi kunisahihisha mbele za watu.

Sasa sema wewe. Ukikataa, naondoka na filamu mfukoni na kazi imekwisha. Ukikubali, nitamwambia yule mama ni wangu na mwenye meno ni mimi, anifanye atakavyo. Lakini mama, kama ni mimi wa kuchagua, nataka watu wauone ule mkono.

Mpe dada salamu, na jirani aliyesema sitafika popote mwambie nimefika, tatizo ni kutoka.

Mwanao asiyenyamaza,
Kidomo