Glasi ya Baba, Kijiko cha Mama

Umetimia mwaka, Baba Respicius, tangu moyo wako usimame ukiwa kazini pale Beltsville, katikati ya miche uliyokuwa ukiimwagilia. Tulikusafirisha hadi Bukoba, ukalala kando ya mama yako kama ulivyotaka. Huku Maryland hatuna kaburi la kupalilia. Tulichobaki nacho ni glasi yako ya chai nyumbani kwa Nejati, jirani yetu Mturuki wa mlango wa pili, na hadi Jumamosi iliyopita Mama hakuthubutu kwenda kuitazama.

Siku Nejati anahamia, wewe ndiye uliyemsaidia kupandisha friji hadi ghorofa ya tatu, hata jina lake hulijui. Akakukaribisha chai. Mkewe, Bi Nermin, akaleta birika mbili zimebebana, ya chini maji, ya juu majani, akakumiminia kwenye kiglasi chembamba kiunoni. Chai ya rangi, isiyo na hata tone la maziwa. Ukamaliza, maana kwenu kubakiza cha mwenyeji ni dharau. Akajaza. Ukamaliza. Akajaza tena, maana kwao glasi tupu mbele ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba. Adabu mbili zilikutana pale mezani, na hakuna iliyokubali kushindwa.

Ulirudi baada ya glasi kumi na moja, tumbo limekuwa ngoma. "Dorothea," ukamwambia Mama, "wale watu wataniua kwa ukarimu." Jumamosi iliyofuata ukarudi kule kule.

Ni Jacqueline, bintiyo, aliyeleta dawa kutoka shuleni. "Baba, si u-put tu kijiko juu ya glasi? That's it. Inamaanisha umetosheka." Ukamtazama kama amekufundisha matusi. "Mimi nimfunikie mtu wema wake kwa kijiko? Siwezi."

Na kweli, miaka kumi na minne hukuweza. Kila Jumamosi ilibidi Mama avuke korido na kandambili zake, akilaze kijiko mwenyewe juu ya glasi yako na kusema, "Yatosha, Baba Jacqueline. Twende nyumbani." Nejati alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi. Nawe uliinuka mara moja, mpole kabisa, kana kwamba hukuwa ukisubiri kitu kingine.

Deni la ukarimu ulilirudisha kwa kahawa ya kutafuna ya kwetu. Mara ya kwanza Nejati alizimwaga zile buni kwenye mashine ya kusagia, nawe ukaruka kitini: "Bwana weee, hiyo ni ya meno!" Tangu hapo zilikaa kwenye kisahani kati yenu, nanyi mkitafuna na kubishana juu ya mvua kwa Kiingereza mlichojitengenezea wenyewe.

Tusikupambe kwa kuwa umekufa: ulikuwa mbishi. Ulibishana hata na redio. Uliwafungulia wageni mlango siku sufuria ina wali wa watu watatu tu, ukamwachia Mama aijue hiyo hesabu. Tunakulilia na hayo yote.

Ulipoondoka, Bi Nermin alituletea chai mlangoni siku arobaini bila kukosa. Mama alipokea, akashukuru, lakini korido hakuivuka. Mwanao Gervas alipombembeleza, alimjibu, "Mwanangu, wale kila Jumamosi bado wanammiminia. Nikienda pale, kazi yangu naijua. Sijawa tayari kumwambia yatosha."

Jumamosi iliyopita, baada ya misa ya kukuombea, alivaa kandambili zake bila kumwambia mtu. Tukamfuata. Glasi yako ilikuwa mahali pake, imejaa, mvuke unapanda. Bi Nermin alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti kilicho kando ya chako, akamwekea na yeye ya kwake. Mama aliinywa yote, akiitazama yako mpaka ikapoa. Kisha akachukua kijiko, akakilaza juu ya glasi yako.

"Yatosha, Baba Jacqueline," alisema. "Tangulia nyumbani."

Nejati aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Sisi tulilia wazi, hatukuona haya. Mama akaisogeza glasi yake tupu katikati ya meza, kijiko kikiwa sahanini. Bi Nermin akaijaza.

Unakumbukwa na mkeo Dorothea, wanao Jacqueline na Gervas, dada yako Edna wa Bukoba, pamoja na Nejati na Bi Nermin, waliotuomba waandikwe humu kama ndugu.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba. Jumamosi zako tunaziendeleza.