Bunduki Niliyokuchagulia

Kwa mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba goti lako halikusumbui sana katika kupanda na kushuka mteremko wa shamba. Sisi huku hatujambo. Mke wangu alishikwa na kikohozi kilichokaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga, lakini sasa kimeondoka. Wanafunzi wangu wamemaliza mitihani. Nimekuwa nikisahihisha kazi zao, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha fizikia nimeona haya kumkata mtu alama. Sababu ya haya hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani kukuandikia.

Juzi Kifaru, mwenzako wa kuwinda, alipita kwangu alipokuja mjini kununua vipuri vya trekta. Alikula, akacheka kwa kicheko chake kile kinachotikisa vikombe, kisha akanipa habari zako. Alisema bunduki mpya umeitundika chumbani na hutaki kuigusa. Kwamba uongozi wa wawindaji umemkabidhi seremala, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni. Na kwamba nguruwe pori wameingia katika mahindi ya bondeni nawe umeketi barazani ukiwasikiliza. Wenzako walipokuja kukuchukua uliwajibu kwamba moyo umekuhama, na kwamba mtu aliyehamwa na moyo hafai kutembea mbele ya wenzake. Kifaru aliyasimulia haya kwa mzaha, kama anavyosimulia hata misiba. Alisema siku hizi mzee anawinda kwa kusinzia: kabla hajafyatua, macho yamekwisha kufumba. Kisha akanifikishia ujumbe wako, kwamba bunduki ile nije niichukue iwe yangu, kwa kuwa kitu kilichochaguliwa kwa elimu kubwa kiasi kile hakistahili kukaa kwa mwoga. Alipolitamka neno hilo la mwisho, Kifaru mwenyewe aliacha kucheka.

Mjomba, neno hilo si lako. Lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Niruhusu nieleze kwa mpangilio, kwani sijui kueleza kwa namna nyingine.

Unakumbuka ulivyonituma. Ulilalamika kwamba bunduki yako ya zamani imegeuka mlango, na kwamba kila msimu unazunguka na mlango begani ukitafuta nyumba ya kuutia. Ulitaka bunduki fupi, isiyonasa katika vichaka. Nyepesi, isiyokumaliza pumzi mlimani. Na iwe ya komeo, ile ambayo baada ya kila risasi mkono wako mwenyewe huvuta komeo nyuma na kulirudisha mbele, kwa sababu huiamini bunduki inayojifikiria. Mkazamjomba alipouliza kwa nini usiende dukani kuchagua mwenyewe, ulimjibu kwamba haiwezekani mtu alee Mizani nyumbani mwake halafu akadirie uzito kwa kiganja. Nilifurahi kuitwa jina hilo la utotoni. Nilifurahi, na bado nikaenda kufanya nililolifanya.

Duka lile liko nyuma ya kituo cha mafuta. Mlango wake ni wa chuma, na ndani kuna harufu ya mafuta ya mashine na ya mbao iliyosuguliwa. Mwenye duka ni mama mjane, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na kila mteja humwita baba, awe mkubwa au mdogo. Hakunionyesha chochote kabla ya kukikagua kibali chako na kunihoji. Alitaka kujua mtumiaji ana umri gani, ana mwili gani, anawinda mnyama gani, na hutembea umbali gani kabla ya kupiga. Nilipokwisha kumjibu, aliweka bunduki mbili juu ya kitambaa. Zote zilikuwa za komeo, fupi sawasawa, nyepesi sawasawa. Ungeweza kushika yoyote kwa mkono mmoja na kuendelea na mazungumzo. Tofauti zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilitumia risasi ya wastani, nayo ilikuwa na mpira laini mwishoni mwa kitako. Ya pili ilitumia risasi kubwa, ya wanyama wazito kuliko nguruwe mara nyingi, na kitako chake kilikuwa kigumu kama kisigino.

Mama yule hakunificha kitu. Alisema ya pili iliagizwa na mteja aliyeirudisha kabla hata hajaizoea, na kwamba bunduki ya namna ile, ukitembea nayo ni mchumba, ukiifyatua ni mke mwenza. Nilicheka, lakini sikuhitaji kufundishwa. Risasi inapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma. Risasi ikiwa na nguvu zaidi na bunduki ikiwa na uzito mdogo, bega ndilo linalolipa. Somo hilo nalifundisha kila mwaka kwa vigari viwili na springi. Nilichagua ya pili. Aliniuliza tena kuhusu umri wako, nami nikamjibu kwamba mjomba wangu ni mtu mgumu. Alinitazama, akavaa miwani yake, akanitazama tena, kisha akasema haya baba, bega si langu.

Nilikuletea, nikakwambia kwamba elimu yote niliyo nayo haikuona bora kuliko hiyo. Siku ya kuijaribu tulikwenda nyuma ya boma la udongo, wewe, mimi na Kifaru. Risasi ya kwanza ilikusukuma hatua nzima nyuma. Ulilisugua bega na kulisifu komeo kwa ulaini wake. Kabla ya risasi ya pili niliona kope zikishuka na shingo ikijikunja. Ya tatu ilipiga ardhi karibu na miguu yetu. Kifaru aliuliza kama umekuja kuwinda au kulima. Wewe ulicheka pamoja naye, kisha ukaninong'oneza kwamba bunduki haina kosa hata kidogo, kwamba kosa ni la mwenye bunduki. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, mjomba, nikiyatazama mambo yaliyokuwa yakitokea kama nilivyoyapiga hesabu, nami nikaitikia kwa kichwa.

Sasa nakuja kwenye sababu, ambayo hujapata kuisikia.

Katika msimu uliotangulia, tulipokuwa kwenye kichaka cha mtoni, ulinyanyua ile bunduki ya zamani ukalenga kitu cheusi kilichoinama chini ya majani. Niligusa mtutu nikakwambia nguruwe amekwisha kukimbia. Hapakuwa na nguruwe. Kile kilikuwa ni mgongo wa Kifaru, akifunga kamba ya kiatu. Wewe uliniamini, ukashusha, tukaendelea na safari, naye hajui mpaka leo. Tangu siku hiyo nilianza kuona mambo niliyokuwa nikiyatazama bila kuyaona: chai uliyoimimina kando ya kikombe, pakiti ya dawa uliyoipeleka dirishani kuisoma, salamu uliyompa mgeni ukidhani ni jirani. Moyo haujakuhama, mjomba. Ni macho yaliyopungua. Ndiyo maana herufi za barua hii ni kubwa hivi: nilitaka uisome wewe mwenyewe, bila mtu wa kukusomea.

Nilipaswa kukwambia siku ileile, palepale mtoni. Lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kuona. Ulinionyesha unyayo wa mnyama juu ya jiwe kavu nikiwa mtoto nisiyejua kufunga vifungo vya shati. Nilishindwa kukutazama usoni na kukwambia kwamba huoni. Kwa hiyo kazi ya ulimi wangu nikaipa chuma. Nilipiga hesabu kwamba bunduki ikikutesa vya kutosha utaichoka na kuacha kuwinda kwa hiari yako. Kwamba utailaumu, utalilaumu duka, utanilaumu hata mimi kwa kuchagua vibaya, nasi tutacheka. Lawama nilikuwa tayari kuibeba, kwa sharti iwe lawama ndogo.

Hesabu ya bega ilikuwa sahihi. Nililokosea ni hesabu yako wewe. Hukuilaumu bunduki, kwa sababu niliichagua mimi. Uliposhindwa kuipiga ulitafuta kosa kila mahali isipokuwa katika chaguo la mpwa wako, na ulipolikosa kwingine ukalitia moyoni mwako. Ulikubali kuwa mwoga kuliko kukubali kwamba Mizani amepima vibaya. Sijui adhabu kali kuliko kuaminiwa kiasi hicho.

Basi sikia, kwa uzito wowote uliobaki katika neno langu. Kufumba macho mbele ya teke la bunduki ile si woga. Ni mwili kujikinga, kama kope inavyojikinga na kidole. Nilikuwa nimeifyatua mimi kwanza, kabla sijakuletea, nami nilifumba. Nilijua.

Nimekwisha kuonana na daktari wa macho. Nilimweleza niliyoyaona, akasema huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo na mtu akaona tena. Ila alinikanya kwamba yeye hatibu masimulizi, anatibu macho, na lazima akutazame mwenyewe. Kisha akauliza kwa nini hatukuja mapema. Nikamwomba nafasi ya Jumamosi. Huo msimu mzima ulioukaa barazani ukijihukumu, pengine ungeutumia kupona. Na akisema haiwezekani, basi bunduki utaiacha kwa sababu ya macho, kama mtu anavyoacha kupanda ngazi kwa sababu ya goti, na si kwa aibu isiyokuwa yako. Mpaka atakapokuona, tafadhali usiguse bunduki yoyote, ya zamani wala mpya.

Sitakuomba radhi kwa karatasi. Radhi inayoombwa kwa mbali ni nyepesi mno. Jumamosi asubuhi nitafika na gari. Nimemwomba Kifaru awepo, kwa kuwa mgongo ule ulikuwa wake na ana haki ya kusikia mtutu ulielekea wapi na nani alinyamaza. Nitalisema mbele yenu wote wawili. Ukinifukuza nitasimama nje ya lango. Ukitaka kunitukana, nitukane hapo langoni, na Kifaru akusaidie pale maneno yatakapokuishia. Nitukane njia nzima mpaka mlangoni kwa daktari. Lakini panda gari, mjomba. Nakusihi upande.

Mpe mkazamjomba salamu zangu, na umruhusu aisome barua hii baada yako, hata kama ataacha kunipikia. Mke wangu anawasalimu. Yeye amekwisha kuyasikia haya yote, na tangu ayasikie anazungumza nami kwa adabu nyingi, jambo ambalo halijawahi kuwa dalili njema.

Ni mimi mpwa wako, niliyelelewa mikononi mwako,

Mizani